Jangwa Ndani ya Kitabu: Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kutengeneza Vitabu vya Picha za Mchangani kwa Mtindo wa Kijapani

Japani haina jangwa. Ni nchi ya mvua, misitu na mashamba ya mpunga, na hata eneo lake maarufu la mchanga, matuta ya Tottori kwenye pwani ya Bahari ya Japani, hunyeshewa sana na wakati wa baridi hufunikwa na theluji. Ajabu ni kwamba humo humo zimetoka baadhi ya picha za mchanga zinazotambulika upesi zaidi duniani. Nao wapigapicha wa Kijapani waliosafiri hadi Sahara, Arizona na New Mexico walirudi na kazi zisizofanana kabisa na zile kadi za posta za jangwa tulizozoea: machweo, ngamia, tuta la rangi ya chungwa, basi.

Waliupa mchanga kazi kabla ya kushika kamera, kisha wakaifikiria kila picha kama ukurasa. Hilo la pili lina sababu ya kihistoria. Kwa miongo mingi Japani ilikuwa na kumbi chache sana za kuonyesha picha na soko dogo la kuziuza moja moja. Mpigapicha alijulikana kwa majarida na vitabu. Kitabu hakikuwa kumbukumbu ya maonyesho, kilikuwa ndiyo kazi yenyewe, na msanifu wa kitabu na mchapaji waliheshimiwa karibu sawa na mpigapicha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuvielewa vitabu hivyo na kisha kutengeneza chake, hata kama ni chembamba cha kurasa 48 na hata kama kamera yake ni ya kawaida.

Hatua ya 1: Amua mchanga utafanya kazi gani

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanafika, wanaona uzuri, wanapiga picha mia tano, wanarudi na picha mia tano za uzuri. Kabla hujaenda popote, jichagulie kazi moja. Kuna nne ambazo nimeziona zikifanywa vizuri, na kila moja ina bingwa wake.

Ya kwanza ni mchanga kama jukwaa. Bingwa wake ni Shoji Ueda, aliyezaliwa mwaka 1913 Sakaiminato, mkoa wa Tottori, na kufariki mwaka 2000. Alisoma upigaji picha Tokyo kwa muda mfupi, akarudi nyumbani mwaka 1932 akiwa na miaka 19, akafungua studio, na hakuhama tena. Matuta yalikuwa mkoani kwake, akayatumia kama studio isiyo na kuta. Picha yake ya familia ya mwaka 1949 inatosha kukufundisha nusu ya mwongozo huu. Mke wake amevaa kimono, mtoto yuko juu ya mabega ya baba, wengine wamesimama kwenye mstari huo huo, kila mmoja na shughuli yake na nafasi yake. Hakuna anayemgusa jirani yake kwa bahati mbaya. Nyuma yao hakuna mti wala nyumba, ni mchanga na anga.

Kumbuka wakati wenyewe. Ken Domon, mpigapicha mkubwa wa enzi hiyo, alifika matuta hayo hayo mwaka 1949 pamoja na wenzake, wakapiga picha na Ueda. Muda si mrefu baadaye Domon akawa sauti kuu ya uhalisia: picha isipangwe hata kidogo, maisha yanaswe jinsi yalivyo. Ueda alikuwa kinyume chake kabisa, akionekana mtu wa kuchezacheza wakati nchi inajenga upya miji iliyoungua. Kwa maoni yangu muda umempa haki. Picha zake za kupangwa zinasema mengi juu ya familia baada ya vita kuliko picha nyingi za huzuni za wakati ule, kwa sababu utulivu wake una wasiwasi ndani yake.

Mwaka 1983 mkewe alifariki, naye akaacha kupiga picha. Mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi ya usanifu wa matangazo, akamwomba apige picha za mavazi ya mbunifu Takeo Kikuchi, na mzee akarudi mchangani akiwa na miaka 70. Wanaume waliovaa suti nyeusi na kofia, wamesimama juu ya matuta kana kwamba wamesahau walikuwa wanaelekea wapi. Kazi ya kutafutia mtu faraja ikawa mojawapo ya mifululizo yake inayopendwa zaidi.

Kazi ya pili ni mchanga kama nchi ya mgeni. Ikko Narahara, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2020, aliishi Marekani kuanzia 1970 hadi 1974 na kuzunguka majangwa ya kusini magharibi kwa gari. Kitabu kilichotokana na safari hizo kilitoka mwaka 1975. Picha moja ya mwaka 1972 kutoka kijiji cha Wahindi Wekundu huko New Mexico inaonyesha mapipa mawili ya taka yenye mifuniko yanayoonekana kama yanaelea hewani. Nyingine ni kivuli cha gari kikikimbia juu ya ardhi ya Arizona. Hakutafuta tuta zuri. Alitafuta kitu cha kawaida ambacho uwazi mkubwa umekifanya kiwe cha ajabu.

Ya tatu ni mchanga kama njia ya watu. Kazuyoshi Nomachi, mzaliwa wa 1946, alikutana na Sahara akiwa na miaka 25 na tangu hapo akawafuata watu wa maeneo makame na ya ibada: Sahara, bonde la Nile, Ethiopia, Makka. Picha zake ni za rangi, zimejaa, zina jasho na moshi. Ukitaka njia hii jua kwamba inadai miaka na lugha za watu, si wikiendi.

Ya nne ni mchanga kama uso wa dunia. Taiji Matsue, aliyesoma jiografia Chuo Kikuu cha Tokyo, hujiwekea sheria mbili: mstari wa upeo usionekane, na mwanga utoke nyuma ya mpigapicha ili vivuli vitoweke. Matokeo ni picha ambazo hujui kama unatazama bonde la kilomita kumi au kiganja cha mchanga. Kitabu chake cha mwaka 2001 kilimpatia Tuzo ya Kimura Ihei, tuzo ya upigaji picha ya Japani.

Chagua moja. Kitabu chembamba hakibebi kazi mbili.

Hatua ya 2: Soma vitabu vyao ukiwa na penseli

Usianze na utangulizi. Anza kwa kukipima kitabu mkononi: ukubwa, uzito, kinavyofunguka. Kisha kipitie mara ya kwanza kwa haraka bila kusimama, kama anayehesabu noti. Utahisi mapigo: wapi kinakimbia, wapi kinatulia. Mara ya pili chora kwenye daftari visanduku vidogo, kimoja kwa kila ukurasa, na ndani ya kila kisanduku weka mstari tu wa upeo na doa la mtu. Ukimaliza vitabu viwili kwa njia hii, utaona kwamba picha nyingi ulizozidhania nzuri zimesaidiwa na jirani zake.

Mwisho wa kitabu cha Kijapani tafuta ukurasa wa taarifa za uchapaji. Humo mna tarehe, toleo, mchapishaji, mchapaji, mara nyingi na jina la msanifu. Ndio ukurasa unaokwambia kama mkononi una toleo la kwanza au chapa ya baadaye. Ukiwa Tokyo, mtaa wa Jimbocho ndio mji mkuu wa maduka ya vitabu vilivyotumika. Kwenye duka kagua mambo manne: ule ukanda wa karatasi unaozunguka jalada kama upo, kasha lake, mgongo wa kitabu kama haujapaushwa na jua, na harufu ya ukungu. Ukanda ukikosekana bei hushuka, na kwa msomaji wa kawaida hiyo ni habari njema kwa sababu picha ndani ni zile zile.

Hatua ya 3: Mahali na majira

Kama safari yako ni ya Tottori, haya ndiyo ya kujua. Matuta yameenea kilomita 16 kutoka mashariki hadi magharibi na kilomita 2.4 kutoka kaskazini hadi kusini. Mchanga wake ni mwamba uliomomonyoka milimani, ukateremshwa na mto Sendai hadi baharini, kisha mawimbi na upepo vikaurudisha nchi kavu. Kuingia ni bure, na basi kutoka stesheni ya Tottori huchukua kama dakika 20. Tuta kuu lina urefu wa karibu mita 47 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kileleni bahari iko miguuni pako.

Fika alfajiri. Yale mawimbi madogo ya upepo juu ya mchanga hujichora upepo ukiwa na kasi ya mita 5 hadi 6 kwa sekunde, na watalii wakishaamka huyakanyaga yote. Eneo ni sehemu ya hifadhi ya taifa, hivyo usichukue mchanga, usiandike wala kuchora michoro mikubwa ardhini, na usirushe droni bila kibali. Kwa miaka mingi pale palikuwa na ngamia wa kupandisha watalii. Ukiwakuta, waache wafanye kazi yao, kitabu chako hakiwahitaji.

Hali ya hewa ya ukanda ule, unaoitwa San'in, ni ya mawingu na manyunyu. Watu wake wana msemo kwamba hata ukisahau chakula cha mchana, usisahau mwavuli. Ukiona miavuli kwenye picha za Ueda, usiharakishe kuitafutia falsafa. Majumba ya sanaa nayo yana ratiba: lile la Ueda mjini Hoki, lililobuniwa na msanifu majengo Shin Takamatsu na kufunguliwa mwaka 1995, hufungwa miezi ya baridi kali. Likiwa wazi usilikose, kwani chumba chake kimoja kimewekewa lenzi kubwa inayoangusha taswira ya mlima Daisen ukutani, kichwa chini miguu juu.

Kwa msomaji aliyeko Oman, mchanga wa Sharqiya uko saa chache kutoka Maskati na unafaa kwa kazi zote nne. Aliyeko Kenya ana Chalbi, Marsabit, tambarare ya chumvi na udongo mkavu ambayo ingemfurahisha Narahara. Tanzania kuna lile tuta jeusi la majivu ya volkano linalohama karibu na Olduvai. Wamaasai wanaliheshimu, kwa hiyo lipige picha ukiwa pembeni na usipande juu yake.

Hatua ya 4: Linda kamera

Mchanga ukiingia kwenye lenzi hautoki kwa maombi. Chagua lenzi moja, ifunge kwenye kamera ukiwa ndani ya nyumba, na usiibadilishe mpaka urudi. Lenzi isiyovuta, ya milimita 35 au 50, ni bora kuliko ile ya kuvuta, kwa sababu ya kuvuta hupumua hewa kila unapoirefusha. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na kusema kweli haikuwa mizuri kwa kazi hii. Kofia ya kuogea ya hotelini ni bora: ina mpira wake, toboa tundu la lenzi, vika kamera. Beba brashi laini na kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate ni gundi. Miguu ya stendi ivishwe soksi kuukuu.

Hatua ya 5: Mwanga na kiasi chake

Kamera yako inadhani dunia nzima ni ya kijivu. Ukiielekeza kwenye mchanga mkavu wenye kung'aa, itapunguza mwanga na kukupa mchanga wa rangi ya saruji. Kwenye kitufe cha kufidia mwanga (+/-) ongeza kati ya +0.7 na +1.3, kisha kagua histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera: kilima kisogee kulia bila kugonga ukuta. Piga faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu. Mchanga uliolowa ni mweusi zaidi, hivyo baada ya mvua rudisha nyongeza karibu na sifuri.

Aina ya mwanga inategemea kazi uliyochagua. Kwa jukwaa la Ueda subiri mawingu: vivuli hupotea, anga huwa karatasi nyeupe, na watu husimama kama vipande vilivyokatwa kwa mkasi. Wanaopiga kwa filamu nyeusi na nyeupe wawe macho na filta nyekundu; inalifanya anga la bluu kuwa jeusi la kutisha, na hapo umetoka kwa Ueda ukaingia kwenye tamthilia nyingine. Kwa mistari ya upepo unahitaji jua la pembeni, saa ya kwanza au ya mwisho. Kwa njia ya Matsue jua liwe nyuma yako na juu, saa ambazo vitabu vyote vya mafunzo vinakukataza.

Hatua ya 6: Kumweka mtu mchangani

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo, kwani ndiyo inayoonekana rahisi na ndiyo inayowashinda wengi.

Anza na urefu wa kamera. Kwenye mchanga tambarare, mstari wa upeo hupita daima kwenye urefu wa kamera yako. Ukiishika usawa wa macho, mstari utamkata kila mtu mzima shingoni au kichwani, awe karibu au mbali. Ukiishusha mpaka magotini, mstari utapita kwenye magoti ya wote, na miili yao yote itasimama juu ya anga tupu. Mtu wa mbali atakuwa mdogo kama mwanasesere, lakini naye atakatwa magotini vile vile. Ukiona picha ya watu wanaoonekana wamebandikwa juu ya anga, ujue mpigapicha alipiga magoti. Mahali penye mwinuko, kilele cha tuta ndicho huwa upeo, na unaweza kuamua watu wakae wapi kwa kuwasogeza juu au chini ya mteremko.

Pili ni nyayo. Chagua kwanza fremu, kisha chora akilini eneo la mbele ambalo hakuna atakayelikanyaga, wewe ukiwemo. Watu waingie kwa kuzunguka upande wa nyuma au pembeni. Kila mmoja muwekee alama ndogo ya kombe au jiwe mahali pa kusimama, ili usipige kelele za "sogea kushoto, hapana, kushoto kwako" huku mchanga ukivurugwa. Ukikosea, hama mita 20. Kufuta nyayo kwa mkono huacha alama mbaya kuliko nyayo zenyewe.

Tatu ni nafasi. Watu wasipandane hata kwa kidole. Kati ya wa kwanza na wa pili acha hatua mbili, kati ya wa pili na wa tatu hatua tano, halafu nusu hatua. Nafasi zikilingana utapata picha ya shule. Kila mtu apewe pa kutazama pake: mmoja baharini, mmoja kwenye viatu vyake, mmoja kwako. Tabasamu lisiwepo, na wala usiwaambie wanune. Waambie tu wasubiri, kisha piga dakika ya tatu, wakishachoka kujipanga.

Nne ni mavazi na kitu cha mkononi. Mchanga na anga vyote ni vyeupe, kwa hiyo umbo linatakiwa liwe jeusi na lisilo na mapambo. Koti jeusi au buibui hukata umbo mara moja. Kanzu nyeupe huyeyuka kwenye mawingu, jambo ambalo laweza kuwa zuri ukilikusudia, hasa kama kofia na mikono ndivyo vitakavyobaki vikionekana. Kitu kimoja cha nyumbani kinatosha: kiti, mwavuli, baiskeli, fremu tupu ya picha. Vikizidi viwili inakuwa tangazo la samani.

Mipangilio ya kamera ni midogo: tundu la lenzi liwe f/11 au f/16 ili wa karibu na wa mbali wote waonekane safi, kasi ya 1/250 kwa ajili ya upepo kwenye nguo, ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ipande itakavyo. Usafi huo wa kutoka mwanzo hadi mwisho ndio unaofanya mtu wa mbali aonekane mdogo badala ya kuonekana yuko mbali.

Hatua ya 7: Kuchuja

Chapisha picha ndogo za bei rahisi, ukubwa wa postikadi, uzitandaze sakafuni. Kwenye kioo cha simu kila picha ni mfalme, sakafuni zinaonana. Ondoa kwanza zile ambazo uzuri wake ni wa machweo. Kisha ondoa pacha: ukiwa na picha mbili zinazosema kitu kimoja, ibaki ile iliyo na kasoro ya kuvutia. Kwa kurasa 48 lenga picha 24 hadi 30. Zile unazozipenda kwa sababu ulitaabika kuzipata, mpe mtu mwingine azihukumu. Msomaji hajui ulitembea umbali gani.

Hatua ya 8: Kupanga kurasa

Vitabu vya Kijapani vyenye maandishi ya wima hufunguka kutoka kulia, ingawa vitabu vingi vya picha hufuata mkondo wa kushoto tuliouzoea. Wewe panga kuanzia kushoto, lakini jifunze kutazama kurasa mbili zinazotazamana kama uwanja mmoja.

Kwenye kitabu cha jangwa, chombo chako kikuu ni mstari wa upeo. Kama kwenye kurasa nne mfululizo umekaa urefu ule ule, msomaji anatembea nao bila kujua. Kwenye ukurasa wa tano uteremshe mpaka chini kabisa, atahisi ardhi imedidimia. Ukipandisha na kushusha ovyo, atachoka bila kujua sababu. Pima kwa rula. Tofauti ya milimita tatu inaonekana kama kosa, tofauti ya sentimita tatu inaonekana kama uamuzi.

Kurasa tupu si upotevu wa karatasi. Weka picha kulia na kushoto acha wazi, mara kadhaa, halafu ghafla ijaze kushoto. Ila hesabu vizuri: ukiacha wazi kila mahali, uwazi unakuwa desturi na haumshtui mtu tena.

Picha inayovuka mshono wa katikati ni mtihani. Mchanga mtupu unavuka salama. Uso wa mtu hauvuki, utamezwa. Kama umepanga watu watano kwa upana, hakikisha mshono unaangukia ile nafasi ya hatua tano uliyoiacha. Ndiyo maana nilisema ukurasa ufikiriwe mapema, ukiwa bado mchangani.

Kuna tatizo moja la picha za mtindo wa Ueda ambalo linawasumbua hata wachapaji wazoefu. Anga jeupe likikutana na ukingo mweupe wa karatasi, picha inapoteza mpaka wake. Una njia mbili. Ya kwanza ni kulipa anga rangi hafifu sana ya kijivu, ili macho yaone ukingo bila kuona rangi. Ya pili ni kuuacha mpaka upotee, watu waelee moja kwa moja juu ya karatasi. Mimi napendelea ya pili kwa picha mbili au tatu tu ndani ya kitabu, na ya kwanza kwa zilizobaki.

Picha yako bora usiiweke mwanzo, wala isiwe ya mwisho. Iweke pale msomaji anapoanza kudhani amekielewa kitabu.

Hatua ya 9: Karatasi, wino, mshono

Karatasi inayong'aa hutoa weusi wa kina lakini humrudishia msomaji mwanga wa taa ya sebule yake. Isiyong'aa ina mguso unaofanana na mchanga ila hunywa wino, na weusi hubaki kijivu. Kwa mchanga chagua isiyong'aa ya gramu 150 hadi 170, kisha ongeza giza kidogo kwenye vivuli kabla ya kupeleka faili. Jaribu picha mbili kwanza, yenye giza zaidi na yenye weupe zaidi, kwenye karatasi hiyo hiyo na mashine hiyo hiyo. Mchapaji anayekataa kukufanyia jaribio la kulipia, mshukuru na utafute mwingine.

Kitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo 48 ni mafungu matatu kamili bila kutupa karatasi. Uliza nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Zifuate mgongo wa kitabu, la sivyo kurasa zitasimama wima kama zinagoma. Mafungu yaliyoshonwa kwa uzi hufunguka yakalala chini, na picha pana huonekana yote. Gundi peke yake hula sentimita nzima ya katikati. Kama bajeti ni ndogo, punguza kurasa ziwe 32 na ufunge kwa stepla mbili za katikati.

Ubunifu wa Kijapani kwenye umbo la kitabu ni bahari nyingine. Kitabu cha mpigapicha Kikuji Kawada cha mwaka 1965 kuhusu kumbukumbu za vita, kilichosanifiwa na Kohei Sugiura, kina kurasa za kukunjua pande zote, hivyo kila picha lazima ifunguliwe kwa mkono. Kukitazama ni shule. Kukiiga kwa kitabu chako cha kwanza ni kutafuta ugomvi na kiwanda.

Hatua ya 10: Nakala ya mfano

Kabla ya kuchapa, tengeneza kimoja kwa mikono: printa ya ofisini, mkasi, gundi. Kiwe cha ukubwa halisi. Mpe mtu asiyejua chochote kuhusu picha, mtazame akifunua, usiseme neno. Andika aliporudi nyuma, aliporuka kurasa mbili kwa pamoja, alipokisogeza kitabu karibu na uso. Badilisha mpangilio, tengeneza kingine, mpe mtu mwingine. Kuifanya kazi hii mara mbili ni nafuu kuliko nakala mia zilizokosewa.

Ukishafika hapo, kata ukanda wa karatasi wa upana wa sentimita sita hivi, uzungushe chini ya jalada, na uandike juu yake sentensi moja ya kumwambia mnunuzi ameshika nini. Jalada lenyewe libaki safi. Na ukurasa wa mwisho uweke taarifa zako zote: picha zilipigwa wapi na mwaka gani, aina ya karatasi, jina la mchapaji, jina la aliyeshona, na idadi ya nakala.